Waliovunja Mnyororo Hawakuwa na Simu

Lubumbashi kuna hukumu ambayo haihitaji tena mashahidi. Hutolewa kwenye matanga ya Katuba, kwenye mimbari za Kampemba, kwenye vipindi vya redio na kwenye mikutano ya wazazi: vijana wa simu wamepoteza mila. Wamesahau lugha za babu zao, hawajui ukoo wao ulianzia wapi, wanakatika mbele ya kamera badala ya kukaa na wazee. Anayesema hivyo huitikiwa kwa vichwa, papa mmoja huongeza neno juu ya TikTok, mama mwingine hulalamikia pesa inayoliwa na mega za intaneti, na kesi hufungwa kabla mshtakiwa hajapewa nafasi ya kufungua mdomo.

Kesi hiyo inastahili kufunguliwa upya. Vijana si malaika, na sehemu kubwa ya video zinazotengenezwa mjini ni porojo tupu ambazo hakuna sababu ya kuzipamba. Lakini dai kwamba simu ndiyo iliyowatenga wajukuu na urithi wao halisimami mbele ya kalenda.

Ukitaka kujua ni lini vizazi vilianza kuachana, acha duka la simu, tazama tarehe. Mwezi Septemba 1990 mgodi wa Kamoto, karibu na Kolwezi, uliporomoka. Gécamines, kampuni iliyorithi mali ya Union Minière ya Wabelgiji baada ya kutaifishwa mwaka 1967, ilikuwa imezoea kutoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka katika miaka ya 1980. Kufikia 1994 haikufikisha hata tani 50,000. Mwaka 1991 askari wasiolipwa walipora miji mikubwa ya nchi, na Lubumbashi haikusalimika. Mwaka 1992 na 1993 maelfu kwa maelfu ya watu wenye asili ya Kasai, wengi wao wazaliwa wa Katanga wasiojua kwao pengine, walifukuzwa na kurundikana kwenye stesheni za Likasi na Kolwezi wakingoja treni. Mwaka 2003 zaidi ya wafanyakazi 10,000 wa Gécamines waliondoka kazini katika mpango uliopewa jina la upole, kuondoka kwa hiari, baada ya miezi mingi bila mshahara.

Hakuna hata tukio moja kati ya hayo lililosababishwa na kijana mwenye simu. Simu za kugusa kioo zilianza kuenea mikononi mwa vijana wa kawaida wa mji huu katika miaka ya 2010. Zilikuta nyumba imeshabomoka.

Na kilichobomoka hakikuwa mshahara peke yake. Katika makambi ya wafanyakazi kampuni ndiyo iliyokuwa na shule, hospitali, posho ya unga, timu za mpira, vikundi vya muziki na kumbi za burudani. Haikuvijenga kwa mapenzi. Tangu mwisho wa miaka ya 1920 Union Minière iliamua kuwa mfanyakazi aliye na mke na watoto kambini hatoroki, na ulezi wake wote ulifuata hesabu hiyo. Hata hivyo ni katika makambi hayo watoto walikosikia masimulizi ya vijiji ambavyo hawakuwahi kuviona, kutoka kwa majirani wa makabila ambayo baba zao hawakuyajua kabla ya kuja Katanga. Mshahara ulipokatika, baba alienda kulima nje ya mji au kuchimba mawe, mama akaenda sokoni, na jioni ya masimulizi ikakosa msimuliaji. Waliofukuzwa walipanda treni na godoro na masufuria; albamu za picha na sahani za santuri si vitu vinavyopewa nafasi ya kwanza kwenye behewa. Kijana anayeshutumiwa leo kuwa hajui atokako, mara nyingi ni mtoto wa mtu ambaye miaka ile ilimfunga mdomo. Wazee wanaolalamika kuwa hawaulizwi wangejiuliza pia ni mara ngapi walisimulia.

Kisha lipo swali ambalo walalamikaji huliruka: urithi wa Lubumbashi ni upi hasa?

Katanga ina mambo ya kale kweli. Kule Sanga, kando ya Ziwa Kisale, wachimbuaji wa mambo ya kale walianza mwaka 1957 kufukua makaburi, mengine ya watu walioishi zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, wakayakuta na vyungu, mapambo na misalaba midogo ya shaba. Huo ni urithi usio na ubishi. Lakini Lubumbashi yenyewe ilianzishwa mwaka 1910, kwa jina la Élisabethville, ili kuhudumia tanuri la kuyeyushia shaba. Wakazi wake waliletwa au walikuja wenyewe kutoka Kasai, Maniema, Rwanda na Burundi, Rhodesia ya Kaskazini, nchi ya Waluba, nchi ya Walunda, pamoja na wenyeji kama Walamba na Wasanga. Utamaduni waliouzaa pamoja haukutoka msituni ukiwa mzima. Ulitengenezwa mjini, na karibu kila mara ulitengenezwa kwa chombo kipya kilichoangukia mikononi mwa watu ambao wazee wa wakati wao hawakuwatarajia.

Mfano unaojulikana kuliko yote ni Jean Bosco Mwenda. Alizaliwa mwaka 1930 katika ukoo wa Wayeke, watu wa Bunkeya waliotawaliwa na Msiri hadi alipouawa Desemba 1891. Mwaka 1952 Hugh Tracey, aliyekuwa akizunguka na mashine yake ya kurekodi sauti, alimrekodi mjini Jadotville, Likasi ya leo. Bosco alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, mkononi ana gitaa, chombo kilichotoka ng'ambo, anapiga kwa vidole viwili muziki ambao haukuwa wa kijiji chake wala wa Wazungu. Santuri zilisafiri. Wapiga gitaa wa Kenya waliiga vidole vyake, na baadaye wanamuziki wa Ulaya na Marekani walikaa chini kujifunza wimbo wake „Masanga“ noti kwa noti. Leo hakuna mzee Lubumbashi asiyeutaja muziki huo kuwa urithi. Walioona kijana akiacha ngoma na kukumbatia gitaa mwaka 1952 wangekuwa na kila sababu ya kusema yanayosemwa leo juu ya simu.

Fuata mkondo huo huo hadi 1965. Mwaka huo, watu waliokuwa wamefanya kazi za nyumbani kwa Wabelgiji, wapishi na maboi, walitoa kitabu kidogo kilichopigwa taipu kuhusu historia ya mji. Mkusanyaji wake aliitwa André Yav, na kitabu kikaitwa „Vocabulaire de ville de Elisabethville“. Jina ni la Kifaransa lakini yaliyomo ni Kiswahili, kile kile cha mtaani, kilichoandikwa na watu ambao shule haikuwa imewafundisha kukiandika. Humo mna Wabelgiji jinsi mtumishi alivyowaona kutoka jikoni: vita, mishahara, dhuluma na majina ya mabwana. Hakuna mwanahistoria wa chuo kikuu aliyewatuma. Walikuwa na kumbukumbu na walikuwa na mashine ya taipu. Johannes Fabian, mwanaanthropolojia aliyefanya utafiti mjini miaka ya 1970, alikichapisha tena mwaka 1990 pamoja na tafsiri ya Kiingereza, kwa msaada wa Kalundi Mango.

Fabian huyo huyo alikutana na Tshibumba Kanda Matulu, mchoraji aliyezaliwa mwaka 1947. Kati ya 1973 na 1974, akiwa hajafika miaka 30, Tshibumba alichora picha zaidi ya mia moja zinazosimulia historia ya nchi nzima tangu zamani za wafalme hadi utawala wa Mobutu, na kila picha akaieleza kwa mdomo mbele ya kinasa sauti. Michoro ya aina hiyo ilipakwa juu ya vitambaa vya magunia ya unga na kuuzwa kwa bei nafuu, ikatundikwa sebuleni kwa watu wa kawaida. Wasomi wa sanaa waliiona kuwa bidhaa ya barabarani. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Tshibumba alitoweka, na hakuonekana tena.

Na Mufwankolo? Hapa hata papa mkali zaidi wa Kamalondo hulegeza uso na kuanza kucheka kabla ya kusimulia. Kundi hilo la maigizo liliingia katika kila nyumba kwa redio, kisha kwa televisheni, likitunga michezo bila maandishi kamili: waigizaji walikubaliana mkasa, maneno yakaja yenyewe katika mazoezi. Lilichekesha juu ya wake wenza, mabosi, walevi na wachawi, kwa Kiswahili kilichochanganyika na Kifaransa. Mwaka 1981 Walter Schicho na Mbayabo Ndala walichapisha kitabu kizima juu yake mjini Vienna, na Fabian akaandika chake mwaka 1990 kutokana na mchezo uliotayarishwa 1986 kwa ajili ya televisheni. Vichekesho vifupi, lugha ya mchanganyiko, visa vya mtaani, watazamaji wanaorudia maneno ya mchekeshaji siku nzima kazini. Ondoa tarehe kwenye maelezo hayo uone kama utatofautisha Mufwankolo na vijana wanaotukanwa.

Kwa hiyo wanaosema chombo kipya kinaua mila wanasimama juu ya urithi ulioletwa na santuri, taipu, rangi za dukani na televisheni, na kutoka hapo juu wanailaani simu.

Yapo madai mazito zaidi, na si haki kuyapita. La kwanza ni kwamba si kila maarifa yamekusudiwa kila jicho. Katika ufalme wa Waluba watunza kumbukumbu wa chama cha Mbudye walitumia lukasa, ubao unaokaa kiganjani, uliopambwa shanga na kauri. Msomaji aliupitisha kidole akataja wafalme, safari za koo, mahali patakatifu na miiko. Hakuzaliwa akijua, alipandishwa daraja kwa daraja kwa miaka. Tena ubao ule ule ulisomwa tofauti kulingana na msomaji, wasikilizaji na shughuli ya siku ile. Wapo wanaopenda kusema kuwa lukasa ilikuwa tableti ya Waluba, na kauli hiyo hupigiwa makofi kwenye semina. Ni sifa ya bure. Tableti humfungulia yeyote mwenye namba ya siri. Lukasa bila mtu wa Mbudye ilibaki ubao wenye shanga. Ndivyo hasa ilivyo leo nyuma ya vioo vya makumbusho ya Ulaya na Marekani, tangu kabla ya maonyesho makubwa ya sanaa ya Waluba yaliyofanyika New York mwaka 1996 na hata baada yake.

Mlalamikaji ana haki hapo: kupiga picha ya lukasa na kuirusha mtandaoni hakuhifadhi chochote cha maana. Lakini funzo hilo linamrudia mwenyewe. Ikiwa kinachopotea ni msomaji, basi dawa ni kuandaa wasomaji, na kumnyang'anya kijana simu hakumfanyi msomaji wa chochote. Kinachohitajika ni mtu anayejua, kijana anayeuliza na muda wa kukaa pamoja. Simu inaweza kuwekwa katikati yao. Mzee wa Kiluba wa Bukama anayehofia kuwa siri za chama zitaishia Facebook ana uwezo wa kusema: hili rekodi, hili zima. Vijana waliolelewa husikia. Na mambo mengi yanayopotea kwa sasa hayana siri yoyote: namna ya kutengeneza kinywaji cha munkoyo, hesabu za mahari, nyimbo za mazishi, majina ya migodi ya kwanza, jinsi wanawake wa Makwacha, kijiji kilicho nje ya mji, wanavyopaka kuta za nyumba zao kwa udongo wa rangi mbalimbali. Hayo hayasubiri ruhusa ya Mbudye.

Dai la pili linahusu lugha. Kiswahili cha video hizo, wanasema, ni kibovu: Kifaransa nusu, ngeli zimevurugika, „bantu“ mahali pa watu. Kitawaharibu watoto kikiingia darasani, kwa kuwa kipo Kiswahili bora cha vitabu na cha kanisani. Ukweli ni kwamba Kiswahili cha Lubumbashi ni lugha ya mama ya mamia ya maelfu ya watu, na wanaisimu wameiandikia sarufi na kamusi. Aurélia Ferrari, Marcel Kalunga na Georges Mulumbwa walitoa kitabu kuihusu mwaka 2014, kikiwa na matini na faharasa. Shirika la Translators without Borders lilipokusanya data za lugha ili kuzifundisha mashine, liliweka Kiswahili cha Kongo kando na cha pwani, kila kimoja na fungu lake. Yaani kompyuta inakifahamu Kiswahili cha Ruashi kuwa ni lugha, ilhali mwalimu wa Ruashi anakifuta kwa kalamu nyekundu. Kijana wa Lubumbashi anahitaji Kiswahili sanifu pia, hasa tangu nchi yake ilipoingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na atakijifunza haraka zaidi akianzia pale alipo. Lakini kumbukumbu za mji huu ziko katika lugha ya mji huu. André Yav angefelishwa mtihani wa imla, na bado hakuna aliyeandika ukurasa bora kuliko zake juu ya maisha ya boi.

Sasa, kumbukumbu hizo zilikwenda wapi? Picha za Tshibumba alizomfanyia Fabian zipo Amsterdam, katika makumbusho yaliyokuwa yakiitwa Tropenmuseum. Rekodi za Hugh Tracey zipo Afrika Kusini, katika maktaba ya muziki aliyoianzisha mwaka 1954. Utafiti juu ya Mufwankolo ulichapishwa Vienna na Wisconsin. Vitu vingi vya kale viko katika makumbusho ya Tervuren, nje kidogo ya Brussels. Kwa miongo mingi mwanafunzi wa Lubumbashi aliyetaka kumsoma babu yake alihitaji viza.

Intaneti ndiyo iliyolegeza kifungo hicho kwanza. Kwa zaidi ya miaka 20 sasa, Fabian na mwanaisimu Vincent de Rooij wameweka mtandaoni, kupitia Chuo Kikuu cha Amsterdam, hazina ya matini za Kiswahili cha Katanga: kitabu cha Yav, mazungumzo na Tshibumba, michezo ya kuigiza, mahojiano ya miaka ya 1970. Husomwa bure. Kijana wa Kenya, wilaya ya Lubumbashi yenye jina la nchi, anaweza kuvisoma kwa simu akiwa amekaa kwenye kibao cha muuza mega. Mlalamikaji aseme kama amewahi kumwambia mtoto wake kuwa kitu hicho kipo.

Na walikuwapo vijana wa hapa hapa ambao hawakungoja kuambiwa. Sammy Baloji, mzaliwa wa Lubumbashi mwaka 1978, alizikuta picha za zamani za kampuni ya madini, za wafanyakazi na mabwana wao, akazikata kwa kompyuta na kuzibandika juu ya picha alizopiga mwenyewe za karakana zilizochakaa za Gécamines. Mfululizo huo wa mwaka 2006, „Mémoire“, ulionyesha kwa mpigo mmoja kilichokuwapo na kilichobaki, bila maelezo marefu. Hakuwa ametimiza miaka 30, na alichotumia ni programu ya kuhariri picha, chombo kile kile kinachotumika kutengeneza mabango ya harusi. Mwaka 2008 yeye na wenzake walianzisha Picha, kituo kilichozaa biennale ya Lubumbashi. Patrick Mudekereza, mmoja wa wenzake hao, baadaye akaongoza kituo cha Waza. Upande wa chuo kikuu, wanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu na Bogumil Jewsiewicki walikuwa tayari wakiendesha mradi wa kumbukumbu za Lubumbashi, uliokusanya masimulizi, nyimbo na picha za wakazi na kuzileta mbele ya umma. Katika mradi huo mzee alikuwa chanzo, naye kijana ndiye aliyeshika kinasa sauti.

Hapa inafaa kugeuka na kuwatazama wapinzani wa upande wa pili, maana wapo, na kwenye semina za wafadhili ndio wengi. Hao husema kinyume: mpe kijana simu, mfungulie akaunti, na urithi utajiokoa. Hawa ni wa hatari kuliko wazee wa matanga, kwa sababu wanapewa fedha.

Jukwaa la video halina mkataba wa kutunza kumbukumbu za mtu. Linapenda kinachoshika jicho sekunde tatu za kwanza, na likichoka hufuta akaunti bila kuuliza. Serikali nayo ina kitufe. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2018 intaneti ilizimwa nchini kote tangu tarehe 31 mwezi huo, ikarudi baada ya karibu siku 20. Aliyekuwa ameweka masimulizi ya bibi yake mahali pamoja tu, kwenye ukurasa wake wa Facebook, hakuweza hata kuyaona. Umeme ni msala mwingine: njia kuu ya umeme kutoka bwawa la Inga, yenye urefu wa kilomita zipatazo 1,700, ilikamilika mwaka 1982 ili kulisha migodi ya Katanga, na hadi leo mitaa mizima hulala gizani huku simu zikipelekwa kibandani kuchajiwa kwa malipo. Asilimia karibu 70 ya kobalti ya dunia hutoka nchi hii, sehemu kubwa ikiingia kwenye betri. Kuchaji betri ndiko kunakoshinda.

Kwa hiyo kazi ya kuhifadhi inadai uchoshi fulani ambao semina haziupendi. Faili lina jina la aliyesema, mahali na tarehe. Lina kopi kwenye kadi ya kumbukumbu, kwenye diski ya shule na kwenye maktaba ya chuo kikuu. Aliyerekodiwa amekubali. Maandishi yameambatana na sauti, ili mtu wa miaka 40 ijayo ajue yule bibi alimaanisha nini aliposema jina la shimo la mgodi.

Wakenya wameonyesha kuwa kazi hiyo ya uchoshi inawezekana bila kungoja serikali. Chao Tayiana Maina, mwanzilishi wa African Digital Heritage, amefanya kazi na wenzake wa Museum of British Colonialism, iliyoanza 2018, kujenga upya kwa kompyuta makambi ya kizuizini ya enzi za Mau Mau, wakitumia nyaraka, mabaki ya majengo na masimulizi ya waliofungwa humo. Mradi wa International Inventories nao ulipekua makumbusho ya Ulaya na Marekani na kuorodhesha vitu zaidi ya 32,000 vya Kenya vilivyoko huko. Orodha hiyo sasa ni silaha mezani: ukijua kitu kipo wapi na kinaitwaje, unaweza kukidai.

Kongo ina orodha kubwa kuliko hiyo na inaitumia kidogo kuliko inavyostahili. Februari 2022 waziri mkuu wa Ubelgiji, Alexander De Croo, alimkabidhi mwenzake wa Kongo, Sama Lukonde, orodha ya vitu takriban 84,000 vilivyoko Tervuren. Miezi minne baadaye Mfalme Philippe alikuja, akazungumza mpaka Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Hotuba zilipigiwa makofi. Lakini orodha iliyoandikwa kwa maelezo ya wakusanyaji wa kikoloni inajua kidogo juu ya vitu vyenyewe: nani alikichonga, kilitumika siku gani, kilichukuliwaje. Majibu mengine yamo vichwani mwa watu wa Kabongo, Bukama, Kasenga na Pweto, na watu hao wanazeeka. Na asidhani mtu kwamba kuwarudishia kitu chenyewe kunatosha. Mobutu alidai urejeshaji huo mbele ya Umoja wa Mataifa mwaka 1973, Ubelgiji ikarudisha vitu zaidi ya mia moja kati ya 1976 na 1982, na baadhi yake vikaibwa na kuonekana tena kwenye soko la sanaa.

Mahali pa kuanzia ni shule, na sheria iko tayari. Katiba ya 2006 inakitaja Kiswahili miongoni mwa lugha nne za taifa. Sheria ya elimu ya Februari 2014 inaruhusu lugha za taifa na za mazingira ya mtoto kutumika kufundishia shule ya msingi. Tangu 2019 shule ya msingi ya serikali ni bure, madarasa yamejaa hadi mlangoni, na walimu hawana vitabu vya kutosha. Katika hali hiyo, kumwambia mwanafunzi aache simu nyumbani kisha kumwandikia ubaoni historia ya miji ya Ufaransa ni kuchagua umaskini. Programu ya Kiwix, inayobeba Wikipedia nzima bila intaneti, inaingia kwenye kadi ya kumbukumbu. Wikipedia ya Kiswahili ipo tangu 2003 na mtu yeyote anaweza kuiongezea ukurasa. Mwalimu wa historia akiwapa wanafunzi 50 kazi ya kurekodi kila mmoja mzee mmoja wa mtaa, kwa dakika kumi, muhula mmoja ukiisha ana saa zaidi ya nane za historia ya wilaya yake, zenye sauti za watu ambao hakuna kitabu kilichowataja.

Watakaopinga watasema kuwa wanafunzi watacheza michezo badala ya kurekodi. Baadhi watacheza. Baadhi ya wanafunzi wa 1952 nao bila shaka walitoroka shule kwenda kusikiliza gitaa.

Wazazi wa Katuba, Kamalondo na Ruashi wanaombwa jambo moja, nalo halihitaji mfadhili. Wafanyakazi wa Gécamines walioondoka mwaka 2003 wakiwa na miaka 50 sasa wamevuka 70. Wengi bado wanakumbuka majina ya wasimamizi, nyimbo za zamu ya usiku, siku ya kwanza kambini, safari ya baba zao kutoka Kasai au Rwanda. Mtoto akirudi nyumbani na simu mkononi, mwiteni, mketisheni mbele ya mzee huyo, na mwambieni abonyeze kitufe cha kurekodi.